Beringi Nyingi Hufa Siku ya Kufungwa

"Fundi, nimefunga beringi mpya juzi tu, imeanza tena kulia." Anayeniambia hivyo huwa na hakika kwamba aliuziwa feki, na amekuja nimuunge mkono. Huenda kweli aliuziwa feki, maana zipo. Lakini kwa niliyoyaona mimi, beringi nyingi za puli za injini haziuawi na muuza duka wala na barabara. Huuawa siku ile ile zinapofungwa, kwa nyundo, na mtu aliyekuwa na nia njema kabisa.

Sikuanzia kwenye magari. Nilianzia karakana ya kiwanda cha sukari, mkoani Morogoro. Msimu wa kusaga miwa kiwanda hakilali usiku wala mchana, na beringi moja ya mota ikikwama, miwa inasimama, mvuke unapotea, na simu ya meneja inaanza kulia. Kwa sababu hiyo wakubwa wetu walitufundisha beringi kwa ukali. Beringi kubwa tulizipasha moto kwenye mafuta ndipo zikaingia kwenye shafti zikiteleza zenyewe. Aliyeonekana akiinua nyundo juu ya pete ya ndani aliondolewa kwenye kazi hiyo mbele ya wenzake. Nilipostaafu nikaja kukaa Kigamboni, majirani wakaanza kuniletea magari uani, nikashangaa. Huku mtaani beringi ya puli ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kwa hiyo inafungwa kama kitu kidogo. Naapa, beringi yenye uzito wa gramu chache inadai adabu ile ile ya beringi ya kinu.

Nieleze kwanza puli ninazozisema. Mbele ya injini pana mkanda, au mikanda miwili mitatu kwa magari ya zamani, unaoendeshwa na puli kubwa ya krenki na kuzungusha alteneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Katikati ya safari ya mkanda huo hukaa puli nyingine zisizoendesha chochote: moja ya kuukaza mkanda, nyingine ya kuuelekeza tu. Ndani ya kila moja pana beringi, na beringi hiyo ina kazi kuliko inavyodhaniwa. Chukua puli ya krenki yenye upana wa sentimita 15 na kipuli cha kukazia chenye sentimita 7. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kipuli kinazunguka zaidi ya mara 6,000. Kiko karibu na injini yenye joto, kinavutwa na mkanda upande mmoja saa zote, na grisi iliyomo ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa sauti. Swali langu la kwanza kwa mwenye gari huwa moja: gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, mlio unapanda? Ukipanda, tatizo liko kwenye injini au vinavyozungushwa nayo. Usipopanda, na unasikika tu gari linapotembea, tazama magurudumu, huku mbele hakutuhusu. Ni swali jepesi, lakini limewaokoa watu wasinunue vitu visivyowahusu.

Baada ya hapo nafungua boneti injini ikiwa sailensa. Mkanda uliochoka au uliolegea hupiga kelele nyembamba, ya juu, hasa asubuhi au unapowasha AC. Beringi hunguruma, husaga, na ikifika pabaya hugonga. Kama sina hakika, nanyunyiza maji kidogo upande wa mkanda unaogusa puli. Kelele ya mkanda itabadilika papo hapo, itanyamaza au itazidi. Mngurumo wa beringi haujali maji yako.

Halafu bisibisi ndefu. Ncha naiweka kwenye kichwa cha boliti ya katikati ya puli, ile isiyozunguka, na mpini naukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Beringi nzima inatoa mvumo laini. Mbovu unaisikia kichwani kabisa, kokoto kwa kokoto. Jambo hili si la kila mtu: feni iko palepale, mkanda uko palepale, na mwenye mikono mirefu ya shati, kitenge cha kuning'inia au kamba ya kitambulisho shingoni namwambia asimame mbali. Kama nafasi ni finyu, siweki bisibisi. Navua mkanda, nawasha injini kwa muda usiozidi dakika moja, kisha nazima. Mlio ukiwa umetoweka, mgonjwa ni mmoja wa wale waliokuwa wanazungushwa na mkanda. Nasema muda usiozidi dakika moja kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya maji inategemea mkanda huo huo.

Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Puli ikizungushwa ikaendelea kwenda yenyewe muda mrefu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, wanafurahi: "Hii safi, nyepesi!" Hiyo ndiyo inayokufa. Beringi yenye grisi hai na mipira mizuri pembeni ina uzito kidogo. Ukiizungusha inakwenda kimya, inasimama mapema. Inayozunguka bila kukoma imekaukiwa. Ile inayokwaruza haihitaji maelezo. Mwisho shika ukingo wa puli kwa vidole viwili, ujaribu kuichezesha mbele na nyuma. Ikicheza, hata kama hailii leo, funga safari ya dukani.

Kuvua si kazi kubwa, ila kuna matatu ya kuzingatia. Piga picha ya njia ya mkanda kabla hujaugusa. Simu ipo mfukoni, hakuna sababu ya kukisia jioni. Toa waya wa hasi wa betri, kwa sababu waya mnene wa alteneta una umeme hata injini ikiwa imezimwa, na spana ikigusa pale na bodi kwa pamoja utaona cheche usizozipenda. Na kabla ya kuning'inia kwenye boliti ya katikati, hakikisha uzi wake unafunguka upande gani. Puli za kukazia za magari kadhaa zina uzi wa kinyume. Ukidhani unafungua, unakaza, mpaka boliti ikatike. Kwenye Toyota za zamani, puli ya mkanda wa AC hulegezwa nati ya katikati kwanza, kisha boliti ndefu ya juu inayoisukuma puli kwenye reli yake. Anayeanza na ile ya juu huiharibu.

Unapoitoa, panga vitu vyote mezani kwa mfuatano vilivyotoka: kifuniko cha vumbi, washa, busha, puli, washa. Ile busha nyembamba ambayo ni rahisi kubingirika chini ya gari ndiyo inayoiweka pete ya ndani mahali pake. Ikisahaulika, nati ikikazwa puli inabanwa na kitu isichopaswa kukigusa, na beringi mpya itaungua bila kosa.

Si kila puli inabadilishwa beringi, na fundi anayekuambia zote zinawezekana ana njaa. Puli ya chuma ambayo beringi imezuiwa na klipu ya pete, au imekaa kwa kubanwa tu, hiyo ni yetu. Ile ambayo chuma chake kimekunjwa juu ya ukingo wa beringi ili isitoke, ukikifungua hakirudi vilevile. Ya plastiki iliyomiminwa kuzunguka beringi naiacha. Nimeona watu wakiipiga ikatoka na nyingine ikaingia, lakini plastiki ikishapoteza mkazo, siku ya joto pete ya nje inaanza kuzunguka ndani ya puli. Nunua nzima. Pampu ya maji usiwaze beringi yake kabisa: ikivuja kwenye kitundu chake cha chini au shafti ikicheza, badilisha pampu. Na puli za mkanda wa taimingi haziguswi kwa mtindo huu wa uani. Beringi ile ikikwama inakula mkanda, na kwenye injini nyingi, za dizeli hasa, valvu zinakutana na pistoni. Pale funga kitu kizima kutoka kwa muuzaji unayemwamini, ubane kwa vipimo vya kitabu.

Tuje kwenye namba. Beringi ina lugha yake, nayo imeandikwa kwenye pete au kwenye mpira wa pembeni. Mfano ninaokutana nao sana ni 6203. Tarakimu mbili za mwisho zinasema tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano, kwa hiyo 04 ni 20, 05 ni 25. Mbili za mwanzo zinasema aina na unene wa familia. 6203 ina milimita 17 ndani, 40 nje, na unene wa 12. 6303 nayo ina 17 ndani, lakini nje ni 47 na unene ni 14. Kwa hiyo ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukaagiza "beringi ya kumi na saba" utarudi na chochote.

Baada ya namba zinakuja herufi, na ndizo wauzaji wengi wanazokuambia "haina shida, ni ile ile." Ina shida. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, vinavyoacha mwanya mwembamba. 2RS ni mipira inayogusa. Mtengenezaji mmoja ataandika DDU, mwingine LLU, maana ni hiyo hiyo. Kwenye puli ya injini, yenye vumbi na maji ya madimbwi, nataka mipira. Na C3 maana yake ni kwamba ndani gololi zimeachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida, ili beringi ikibanwa ndani ya puli na ikapata joto bado iwe na pa kupumulia. Ikiwa ya zamani imeandikwa C3, mpya iwe C3.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa pikipiki. Duka la spea za bodaboda nalo lina 6202 na 6203, kwa bei ya kuvutia, na vipimo ni vile vile kabisa. Fanya hesabu. Gurudumu la pikipiki, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linazunguka mara mia tano hivi kwa dakika. Puli yetu inazunguka mara 6,000, tena kwenye joto. Beringi ya bei poa yenye grisi ya kubahatisha inaweza kumtumikia bodaboda mwaka mzima bila lawama, na ikafia kwenye injini kabla ya mwezi kwisha, na muuzaji hajakuibia hata senti. Beringi uliipa kazi isiyo yake.

Kuhusu feki: maandishi yaliyopinda au yanayofutika kwa kidole, boksi lisilolingana na namba iliyo ndani, mlegeo unaosikika ukiitikisa sikioni, na zaidi ya yote bei. SKF ya Sweden, iliyoanza mwaka 1907, inaigwa sana kiasi kwamba ina programu yake ya simu ya kukagulia. NSK na Koyo za Japani nazo huigwa. Nikishindwa kuamua, nanunua kutoka chapa isiyo na jina kubwa lakini kwa muuzaji anayewahudumia watu wa viwanda na mota za maji. Hao wateja wake hurudi na kelele haraka, kwa hiyo hathubutu.

Sasa kufunga, ambako ndiko maneno yangu yote yanakoelekea.

Beringi ni pete mbili na gololi katikati; 6203 ya kawaida ina gololi nane. Kwenye puli, pete ya nje ndiyo inayobana, ya ndani inaingia kwenye busha kwa ulaini. Basi nguvu yote ya kuiingiza ipite kwenye pete ya nje. Ukiweka bomba dogo au soketi kwenye pete ya ndani ukapiga, nguvu inaingia ndani, inapita kwenye gololi, ndipo ifike kwenye pete ya nje. Kila gololi inagusa njia yake mahali padogo kuliko punje ya mtama. Pigo moja la nyundo likipita hapo linaacha kishimo. Hukioni, hukihisi kwa kidole, puli inazunguka vizuri, mteja analipa, anaondoka. Kisha kila gololi, maelfu ya mara kwa dakika, inaruka kishimo hicho. Kingo zinaanza kumeguka, na mwezi haujaisha mlio umerudi. Huo ndio "ufeki" mwingi ninaoletewa.

Kwa hiyo natumia kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha nje pungufu kidogo ya milimita 40, na uwazi wa ndani mkubwa kiasi kwamba hakigusi mpira wala pete ya ndani. Kimesawazishwa miisho yote kwa tupa. Ndani ya puli nafuta kutu kwa msasa laini, kwa mkono tu, mpaka itoke. Sitafuti kupanua tundu. Kisha beringi naiacha usiku kwenye friza, ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki ili isiloe umande, na puli naiweka kwenye maji ya moto sana, naifuta haraka. Chuma kinatanuka kidogo, lakini kidogo hicho ndicho tunachohitaji: kwa tofauti ya nyuzi 100 za joto, tundu la milimita 40 linapata nafasi ya karibu milimita 0.05. Mara nyingi beringi inashuka yenyewe au kwa kusukumwa na vidole gumba. Moto wa gesi juu ya beringi yenyewe, hapana. Grisi na mipira yake haiutaki.

Isiposhuka, naivuta badala ya kuipiga. Boliti ndefu ya milimita 12 inapita katikati, washa nene upande huu, kile kipande cha bomba juu ya pete ya nje, upande wa pili bomba pana linaloishikilia puli, na nati. Naikaza pole pole kwa spana, nikitazama kama beringi inaingia sawa au inalala upande. Ikilala, narudisha, naanza upya. Mwenye vaisi imara atafanya kwa vaisi. Mwenye nyundo tu, basi angalau aigonge kwenye bomba lililokaa juu ya pete ya nje, taratibu, akizunguka, na avae miwani. Chuma cha beringi ni kigumu na kinapopasuka hakichagui jicho.

Beringi ya zamani inayotolewa haihitaji upole huo; kitu cha kulindwa pale ni puli.

Kuna wanaonishauri nisinunue kabisa: toa mpira, osha kwa petroli, jaza grisi, rudisha. Nimeyaona. Inanyamaza siku chache, kwa sababu grisi mpya inafunika sauti. Mashimo yaliyo ndani hayajazibika. Tena wanajaza mpaka inafurika, wakati beringi ya namna hii inataka grisi kiasi cha theluthi moja hivi ya nafasi iliyobaki. Ikijaa inapikika kwa msuguano wake yenyewe.

Mkanda ukirudi, usiukaze kwa hasira. Kwa magari ambayo unakaza mwenyewe, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya safari ndefu, kwa nguvu ya kama kilo 10, ushuke sentimita moja hivi; kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Mkanda uliokazwa kama kamba ya ngoma haupigi kelele, na hiyo ndiyo sababu watu wanaupenda, lakini unaila beringi ya alteneta na ya pampu ya maji pamoja na ile uliyobadilisha leo. Rudi kuutazama baada ya siku chache, maana mkanda mpya hunyooka.

Na tafadhali, wale vijana wa kuosha magari. Injini ikioshwa kwa mashine ya presha, maji yenye nguvu ile yanapita chini ya mpira wa beringi bila shida, na hayana njia ya kutoka. Wenye magari ya pwani wananijibu kwamba chumvi inakula. Kweli inakula. Futa kwa kitambaa, tumia maji ya bomba yasiyo na presha, elekeza mbali na puli.

Juzi jirani mmoja, anabeba samaki na barafu kutoka soko la Feri kwa Hilux ya dizeli ya zamani, alileta puli ya AC iliyobadilishwa beringi na fundi mwingine si muda mrefu. "Shikamoo mzee, nimeuziwa feki tena." Nilimjibu marahaba, nikamwambia tuangalie kwanza. Nilitoa mipira. Grisi ingekuwa na rangi ya kutu au nyeupe kama uji, ningesema ni maji. Ingekuwa nyeusi, yenye harufu ya kuungua, ningesema ni joto au mkanda uliokazwa mno. Ilikuwa nzuri, ya rangi yake. Nikavaa miwani, nikaikata pete ya nje kwa grainda, tukazifuta gololi na njia zake kwa dizeli, tukamulika kwa tochi ya simu. Kwenye njia ya pete ya ndani kulikuwa na alama ndogo nane, zimepangana kwa umbali sawa, umbali ule ule uliopo kati ya gololi na gololi. Maandishi ya pembeni yalikuwa safi, chapa ni ya kweli.

Aliniuliza kama amrudie yule fundi amdai fedha. Nilimwambia ampelekee pete hiyo ili aione kwa macho yake, asiende na ugomvi, kwa sababu huenda hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nikamkatia kipande cha bomba, kipenyo cha nje milimita 39, nikasawazisha miisho, nikamwambia amwachie huko huko. Beringi mpya ilikuwa tayari kwenye friza ya mke wangu, chini ya samaki, na yeye alishatuuliza mara mbili tutaitoa lini.